Baiskeli yako kuukuu: Uikarabati au ununue nyingine?

Na MWANDISHI WETU

NI jambo la kawaida katika miji yetu kukuta baiskeli ya mlimani imeegemezwa ukutani nyuma ya nyumba, tairi zimelala na mnyororo umeshika kutu. Mwenyewe aliinunua akiwa na nia ya kufanya mazoezi, akaiendesha miezi michache, kisha akaisahau.

Siku daktari anapomwambia kwamba shinikizo lake la damu limepanda, au kwamba uzito umezidi, mtu huyo huikumbuka. Hapo ndipo swali huzuka: Je, aipeleke kwa fundi ikabadilishwe vipuri, au aachane nayo anunue nyingine?

Huenda ukadhani kwamba hilo ni swali la pesa tu. La hasha. Baiskeli isiyokutosha huleta maumivu ya magoti, mgongo na viganja. Yenye breki mbovu inaweza kukuangusha mbele ya matatu. Na mtu anayeumia kila anapopanda baiskeli hakawii kuacha mazoezi yenyewe, akarudia kiti cha ofisini na cha gari.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza kwamba mtu mzima afanye mazoezi ya kadiri kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Ukiendesha baiskeli nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki, tayari umefikisha dakika 150. Isitoshe, kiti cha baiskeli hubeba sehemu kubwa ya uzito wa mwili, hivyo magoti hayapati kishindo kama wakati wa kukimbia. Ndiyo sababu baiskeli humfaa mtu mnene anayeanza mazoezi.

Kwa hivyo, kabla ya kutoa hata shilingi moja, ichunguze baiskeli yako kwa utaratibu ufuatao.

BAISKELI YA AINA GANI?

Baiskeli za mlimani zilianzia California, Marekani, katika miaka ya 1970, vijana walipoanza kuteremka njia za milimani kwa baiskeli nzito za tairi pana. Mwaka 1981 kampuni ya Specialized ilianza kuuza Stumpjumper, ambayo ni miongoni mwa za kwanza kutengenezwa kwa wingi kiwandani. Kufikia mwaka 1996 mchezo huo ulikuwa umeingia katika Michezo ya Olimpiki iliyofanyika Atlanta.

Kwa miaka hiyo yote magurudumu yalikuwa ya inchi 26. Ni katika miaka ya 2010 ambapo viwanda vikubwa viligeukia inchi 27.5 na 29. Ikiwa tairi yako imeandikwa 26 ubavuni, basi jua unayo baiskeli ya mtindo wa zamani. Huo si ugonjwa. Tairi na tyubu za inchi 26 bado zinapatikana kwa urahisi nchini.

Tatizo ni kwamba wengi wetu tumelelewa na Black Mamba. Baiskeli hiyo nyeusi hutengenezwa miaka nenda miaka rudi, na spea zake hupatikana katika kila soko. Tunadhani baiskeli ya mlimani nayo iko hivyo, kwamba kila kipuri kipya kitaingia. Sivyo. Viwanda vimebadilisha vipimo mara nyingi, na kipuri cha leo huenda kisiingie kabisa katika fremu ya mwaka 1995.

KWANZA: JE, INAKUTOSHA?

Hili ndilo swali la kwanza kwa sababu ukubwa wa fremu ndio kitu ambacho hakuna fundi anayeweza kuubadilisha.

Vaa viatu vya kawaida, simama ukiwa umeipanua miguu juu ya bomba la kati, mbele ya kiti. Panapaswa kubaki nafasi ya inchi mbili au zaidi kati yako na bomba hilo. Ikiwa bomba linakugusa, fremu ni kubwa mno. Siku utakayolazimika kushuka ghafla utaumia mahali pabaya.

Halafu kalia kiti huku umeegemea ukuta. Weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa. Mguu unapaswa kunyooka bila nyonga kuinama upande. Ukiweka sasa sehemu pana ya unyayo juu ya pedali, goti litabaki limekunjika kidogo tu. Hicho ndicho kimo kinachofaa.

Watu wengi mjini huendesha kiti kikiwa chini mno ili miguu yote miwili iguse ardhi. Matokeo yake ni maumivu ya mbele ya goti, kwa sababu goti hukunjwa kupita kiasi katika kila mzunguko. Kabla ya kuilaumu baiskeli, inua kiti. Ni kazi ya dakika mbili na haigharimu chochote.

Hata hivyo, bomba la kiti lina alama inayoonyesha mwisho wa kulivuta. Ikiwa huwezi kupata kimo kinachofaa bila kupita alama hiyo, fremu ni ndogo kwako. Ukilipandisha zaidi, bomba linaweza kukatika au kupasua fremu ukiwa barabarani.

Kama baiskeli imekuwa ndogo au kubwa mno, usiendelee kusoma orodha ya vipuri. Hata ukiifunga gia za dhahabu, mgongo utauma vile vile. Mpe ndugu inayemtosha, au uiuze, utafute yako.

Lakini ikiwa kasoro ni ndogo, kwa mfano unalazimika kujinyoosha kidogo kufikia usukani, shingo fupi ya usukani inaweza kutosha. Ganzi ya vidole, hasa kidole cha mwisho na cha pete, mara nyingi hutokana na neva inayobanwa kiganjani mtu anapoegemea usukani kwa uzito wote. Usukani ukiinuliwa au kusogezwa karibu, na vishikio vipana vikatiwa, ganzi hupungua.

PILI: FREMU NI NZIMA?

Ioshe baiskeli, uikaushe, uipeleke penye mwanga mzuri. Tazama kwa makini mahali mabomba yanapokutana: nyuma ya usukani, chini penye ekseli ya pedali, na pale bomba la kiti linapoingia. Ufa mwembamba mara nyingi huonekana kama mstari kwenye rangi, wakati mwingine wenye kutu.

Hapa inafaa kujua fremu imetengenezwa kwa madini gani. Jaribu kwa sumaku. Ikinasa, fremu ni ya chuma. Isiponasa, huenda ni alumini.

Chuma kina subira. Ufa mdogo unaweza kulehemewa na fundi stadi wa Jua Kali, ingawa ni vizuri aliyezoea mabomba membamba. Alumini ni tofauti. Fremu nyingi za alumini hupikwa kiwandani kwa joto maalum ili zipate nguvu, na moto wa kulehemu huondoa nguvu hiyo. Ikipasuka mara moja, kazi yake imekwisha.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa fremu ya alumini hauzibiki. Na tafadhali usiiuze fremu hiyo kwa mtu mwingine baada ya kuipaka rangi. Kufanya hivyo ni kumuuzia mwenzako hatari. Itoe vipuri vyake, kisha uikate.

TATU: VITU VINAVYOLIKA

Ikiwa baiskeli inakutosha na fremu ni nzima, habari ni njema. Mengi yaliyobaki ni vitu vinavyolika na ambavyo hubadilishwa kwa bei nafuu.

Anza na breki. Raba za breki zina mifereji midogo. Ikiisha, raba zimekwisha. Hata raba ambazo hazijalika huwa ngumu kama mbao zikikaa miaka mingi, na baiskeli haisimami. Badilisha raba pamoja na waya zake. Kwa watu wengi hilo peke yake huifanya baiskeli ya zamani isimame vizuri.

Pitisha kidole juu ya ubavu wa rimu mahali raba inapobana. Ikiwa pamebonyea kama kijiko, rimu imelika na inaweza kupasuka kwa msukumo wa upepo wa tairi. Hiyo si ya kuchelewesha.

Pili ni tairi. Zikunje kidogo utazame ubavuni. Mipasuko midogo midogo inaonyesha kwamba mpira umezeeka, hata kama meno yake yangali marefu.

Ikiwa safari zako nyingi ni za lami, usinunue tena tairi zenye meno makubwa. Nunua za inchi 26 zenye uso laini. Zinateleza kwa urahisi zaidi barabarani, na utashangaa jinsi baiskeli ile ile itakavyoonekana nyepesi. Ikiwa unakwenda Msitu wa Karura jijini Nairobi au Mbuga ya Hell's Gate karibu na Naivasha, ambako waendeshaji baiskeli huruhusiwa, tairi za meno ya wastani zitakufaa.

Tatu ni mnyororo. Chukua rula ya inchi. Weka alama ya sifuri juu ya kitovu cha pini moja, uhesabu pini 24 kutoka hapo. Pini hiyo ya 24 inapaswa kuwa juu ya inchi 12 kamili. Ikiwa imepita kwa moja ya kumi na sita ya inchi, badilisha mnyororo. Ikiwa imepita kwa moja ya nane, mnyororo umekwisha kuyala meno ya friwili pia, na huna budi kubadilisha vyote viwili. Mnyororo mpya juu ya friwili iliyolika huruka, na mnyororo ukiruka wakati umesimama juu ya pedali unaweza kuanguka kifudifudi.

Mwisho, inua gurudumu ulizungushe, kisha ulisukume kushoto na kulia. Likicheza au likikwaruza, gololi zinahitaji kusafishwa na kutiwa grisi mpya. Fanya vivyo hivyo kwa ekseli ya pedali na kwa usukani.

GIA NYEPESI KWA MAGOTI

Kuna badiliko moja ambalo humfaa sana mtu anayeanza mazoezi, nalo ni gia nyepesi ya kupandia mlima.

Baiskeli nyingi za zamani zenye gia saba nyuma zilikuja na friwili ambayo gurudumu lake kubwa lina meno 28. Ikiwa gurudumu dogo la mbele nalo lina meno 28, basi kila unapozungusha pedali mara moja, tairi nayo huzunguka mara moja. Kwa mtu mwenye kilo 90 anayepanda mlima, hiyo ni kazi nzito.

Ukifunga friwili yenye meno 34, nguvu unayohitaji hupungua kwa karibu moja ya tano. Badala ya kusaga gia nzito huku goti likilia, utazungusha pedali upesi upesi bila kuchoka. Mzunguko wa mara 70 hadi 90 kwa dakika ndio unaofaa magoti na moyo. Mwulize fundi kwanza kama kile kifaa cha nyuma kinachohamisha mnyororo kinaweza kufikia meno 34, na kama mnyororo una urefu wa kutosha.

VIPURI VISIVYOFAA KUONGEZWA

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mtu huona baiskeli mpya za wenzake, akataka yake ifanane nazo.

Magurudumu ya inchi 29 hayaingii katika fremu ya inchi 26. Hata yangeingia, raba za breki zisingefikia rimu. Aidha, habu za kisasa za nyuma zina upana wa milimita 142 au 148, ilhali fremu ya zamani huwa ya milimita 135.

Breki za diski zinahitaji vishikizo maalum kwenye fremu na foku. Kama fremu yako haina, usikubali fundi avilehemu. Bomba la nyuma halikutengenezwa kubeba nguvu hiyo.

Foku yenye springi, yaani uma wa mbele unaopunguza mtikisiko, ndiyo inayotamaniwa zaidi. Ila foku za kisasa huwa na shina linalonenepa kuelekea chini, na haliingii katika fremu za zamani. Zile zinazoingia mara nyingi huwa ndefu kuliko ya awali. Foku ndefu huinua usukani, hufanya baiskeli iwe nzito kugeuka, na huikaza fremu pale mabomba yanapokutana mbele, mahali hasa panapopasuka. Kama ni mtikisiko unaokuudhi, tairi pana zaidi zenye upepo wa kadiri zitakusaidia kwa gharama ndogo.

Kwa ufupi, ukiona kwamba unachokitaka ni magurudumu makubwa, breki za diski na foku mpya kwa pamoja, basi wewe hutaki kukarabati. Unataka baiskeli nyingine.

PIGA HESABU

Mwambie fundi akuandikie gharama ya kila kitu kabla ya kuanza: spea na kazi. Kisha ulinganishe na bei ya baiskeli ya mtumba iliyo imara na inayokutosha. Gharama ikiwa chini ya nusu ya bei hiyo, karabati. Ikizidi nusu, anza kutafuta nyingine.

Tuseme fundi amekupa hesabu ya Sh6,500, na baiskeli ya mtumba unayoitamani inauzwa Sh15,000. Nusu yake ni Sh7,500. Basi ya kwako inafaa kukarabatiwa. Usisahau kwamba hiyo ya mtumba nayo huenda ikahitaji mnyororo, raba za breki na tairi. Bei yake ya kweli si ile iliyotajwa na muuzaji. Ni hiyo pamoja na matengenezo yake.

Pesa zikiwa chache, zitumie kwa mpangilio huu: kwanza usalama, yaani breki, tairi na taa. Pili, mambo ya kukutosha, kama shingo ya usukani na kiti. Tatu, mnyororo na gia. Mapambo na rangi yaje mwisho.

Kuna vitu ambavyo si hasara kununua hata kama bado hujaamua. Kofia ya kukinga kichwa, taa, pampu, kiti kizuri na pedali utaweza kuhama navyo kwenda baiskeli nyingine. Hata hivyo, kofia iliyowahi kugonga chini katika ajali isitumiwe tena, hata ikiwa haionyeshi ufa.

UKIAMUA KUNUNUA

Wahenga pia walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Usivutwe na rangi.

Jihadhari na baiskeli mpya za bei ya chini zenye springi mbele na nyuma. Springi zenyewe huwa duni, huongeza uzito, na hunyonya nguvu zako unapopanda mlima. Kwa pesa hizo hizo, baiskeli isiyo na springi nyuma huwa imara zaidi na nyepesi.

Ukienda kwa wauzaji wa mitumba, fanya uchunguzi ule ule tulioueleza: ukubwa, ufa, rimu, mnyororo. Nenda na rula na sumaku mfukoni. Omba kuiendesha. Achia usukani kidogo mahali pasipo magari. Ikivuta upande mmoja, huenda fremu au foku imepinda katika ajali.

KABLA YA KUANZA

Baiskeli ikiwa tayari, jiulize pia kama mwili wako uko tayari. Mwone daktari kwanza ikiwa una shinikizo la juu la damu lisilodhibitiwa, ugonjwa wa moyo, au ikiwa umewahi kupata maumivu ya kifua au kizunguzungu ukifanya kazi. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini abebe kitu chenye sukari, kwa sababu mazoezi hushusha sukari ya mwilini.

Anza na dakika 15 au 20 mahali tambarare, siku tatu kwa wiki, kisha uongeze polepole. Ukisikia maumivu ya kifua, au pumzi ikikatika kupita kiasi, shuka, pumzika na utafute msaada wa daktari mara moja.

Kumbuka kwamba moyo wako haujui umri wa baiskeli. Dakika 30 juu ya baiskeli ya mwaka 1995 inayokutosha na yenye breki nzuri zinakufaa sawa na dakika 30 juu ya mpya kabisa. Ile iliyo imara, ipeleke kwa fundi Jumamosi hii. Ile isiyokutosha au yenye ufa, iache. Lililo baya zaidi ni kuchukua mwaka mwingine mzima ukiwaza, huku baiskeli ikioza ukutani nawe ukizidi kunenepa.